Kila Mwamba Ngoma Huvutia Kwake

Methali hii tumeizoea kama lawama. Hutupiwa mwanasiasa aliyeupeleka mradi kijijini kwao, na anayeitamka huwa amekwisha kuhukumu: huyu mbinafsi. Nahisi walioitunga walikaa karibu na fundi wa ngoma kuliko sisi.

Ngozi huwambwa ikiwa imelowa. Akivuta mmoja peke yake, inamfuata yeye na mzinga unabaki wazi upande wa pili. Wakilegeza wote kwa kuoneana haya, ngoma hailii. Inalia kwa kuwa kila mkono umevutia kwake na wa mkabala umefanya vivyo hivyo.

Ndivyo ilivyo kwa dini pia. Tunaambiwa mara nyingi kwamba ili zikae pamoja, kila mtu apunguze imani kidogo. Mimi sikubali. Mfano ni Mama Sarah Obama, aliyefariki Kisumu Jumatatu, 29 Machi 2021. Kesho yake alizikwa kijijini Kogelo kwa taratibu za Kiislamu, katika boma alikozikwa mumewe, Hussein Onyango. Ilikuwa Wiki Takatifu. Siku tatu mbele ni Ijumaa Kuu. Majirani wengi ni Wakristo, na matanga ya Wajaluo yana mwendo wake: maiti mochari wiki nzima au zaidi, michango, jamaa wa mbali wakingojwa. Safari hii hakungojwa mtu, hata yule mjukuu aliyewahi kuwa rais wa Marekani. Uislamu haukulegeza kamba ili kuwaridhisha wenyeji, wala Mkristo aliyekwenda kuzika hakuacha Pasaka yake kaburini.

Tena methali inasema "kwake". Mkono unabaki upande wake. Anayeuvuka mzinga kwenda kumbandua mwenzake hawambi tena, anachana ngozi.

Na anayetaka kushika pande mbili? Alikuwapo, Johana Owalo, aliyepitia Ukristo na Uislamu kabla ya kuanzisha kanisa la Nomiya mwanzoni mwa karne ya 20. Waumini wake husoma Biblia na kutahiri wavulana, katika jamii ya Wajaluo, ambayo jadi yake ilikuwa kung'oa meno sita ya chini, si tohara. Mimi sioni kwamba alizichanganya tu dini mbili zikawa moja. Aliongeza mkono wa tatu kwenye ngozi, nao unavutia kwake.