Je, Hofu Inatupa Haki ya Kuangamiza Popo?

Popo hana bahati mbele ya wanadamu. Huruka kama ndege lakini hunyonyesha kama mbuzi, hulala kichwa chini, na hutoka giza linapoingia. Kwa hiyo ni rahisi kumhusisha na uchawi.

Hata hivyo, hofu iliyowapata wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, mwaka 2007, haikuwa ya ushirikina. Baadhi yao waliambukizwa virusi vya Marburg, ambavyo popo wa matunda wa Misri hubeba bila kuugua. Mgodini humo waliishi popo hao wa kahawia wapatao laki moja. Swali langu ni hili: mtu mwenye sababu ya kweli ya kuogopa, je, ana haki ya kuangamiza?

Wachimbaji walijibu kwa vitendo. Waliziba milango ya mgodi kwa mafunjo, wakatandaza nyavu za samaki, na kwa wiki kadhaa popo walinaswa na kuuawa. Siwalaumu kwa wepesi. Aliyeona mwenzake akifa ana haki ya kujikinga.

Lakini mwaka 2012 ugonjwa ulizuka tena katika wilaya jirani ya Ibanda. Watafiti waliporudi Kitaka walikuta popo wachache wamerejea. Kabla ya mauaji, takriban popo 5 katika kila 100 walikuwa na virusi. Sasa walikuwa 13. Hasira hasara.

Wapo wanaomtetea popo kwa faida yake: hula matunda yaliyoiva na kutawanya mbegu. Ni kweli, lakini hoja hiyo haitoshi, kwani siku faida ikikosekana tutamwua tena. Wengine husema kuua ni desturi ya maumbile, kwa kuwa chatu wa msitu wa Maramagambo nao huwala popo hao hao pangoni. Naam, lakini chatu akishiba hulala, na kundi hubaki. Sisi tulitaka asibaki hata mmoja. Tena chatu hawezi kujiuliza kama anatenda haki. Sisi tunaweza, na kwa sababu hiyo tunawajibika.

Naona, basi, kwamba haki ya kujikinga ina mpaka: inaruhusu kile kinachokinga kweli. Barakoa, glavu na kutokula ndani ya mgodi humkinga mchimbaji. Maangamizi ya Kitaka hayakumkinga mtu.

Hata hivyo, wajibu huo si wa mchimbaji peke yake. Sisi tunaoandika insha tukiwa mbali na mgodi hatuwezi kumwambia, "Usiue popo," kisha tukamwacha aingie shimoni mikono mitupu. Anayedai popo aachwe hai adai pia mchimbaji apewe glavu.