Picha ya bangili, picha ya mama

Je, kupiga picha ya kitu upande wake mzuri tu ni kusema uongo?

Swali hili linatuhusu sisi vijana tunaowapigia picha akina mama wanaotunga shanga hapa Nyarugusu. Mnunuzi, awe Kasulu au ng'ambo, hawezi kuishika bangili kabla ya kulipa. Anaamini simu yetu tu.

Tuanze na jiwe. Tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967 huko Mererani, katika nchi hii iliyotupokea. Ukiigeuza mkononi, upande huu ni buluu, upande ule zambarau. Mchana inavuta buluu, usiku chini ya taa ya njano inavuta zambarau. Sasa picha ipi ni ya kweli? Zote. Hakuna picha inayoonyesha pande zote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kuchagua upande siyo uongo. Mpiga picha lazima achague.

Uongo unaanza pale unapoficha kile mnunuzi anacholipia. Sisi tunafuta kioo cha kamera, tunatandika karatasi nyeupe, tunakaa kivulini ili jua lisiue rangi. Hiyo ni heshima kwa kazi ya mikono. Lakini ukiongeza rangi kwa programu mpaka shanga za plastiki zionekane za kioo, au ukipiga pete karibu sana bila kuweka sarafu pembeni, mtu akadhani ni kubwa, hapo umemwibia. Wengine wanasema eti shida inaturuhusu. Shida tunaijua. Ila mnunuzi aliyedanganywa harudi, na hasara inampata mama wa jirani ambaye hakudanganya mtu.

Kipimo changu ni kimoja: kitu kikifika mkononi, mnunuzi atasema "ndicho nilichokiona"? Akisema hivyo, picha ni halali.

Sasa kipimo hicho tukipeleke kwa watu. Bangili inapigwa upande unaong'aa, lakini mama aliyeitunga mara nyingi anapigwa upande wa huzuni: foleni ya mgao, vumbi, mtoto bila viatu. Picha hiyo siyo ya kubuni, foleni ipo kweli. Ila mama naye ana pande nyingi kama lile jiwe. Anaimba kwaya, anagombana na bei sokoni, hesabu za kikundi anazo kichwani. Ukimpiga upande uleule mwaka hadi mwaka, kuchagua kunageuka kuwa kuficha. Anayetoa msaada analipia picha ya mtu ambaye, akikutana naye, hatamtambua.

Ndugu mnaokuja na kamera, na sisi wenye simu, tumwonyeshe mtu picha yake kabla haijaondoka kambini. Bangili haiwezi kusema "huyo siyo mimi." Mama anaweza. Basi tumuulize.