Timazi na Ukuta Wetu



Katika siku hizi za Kwaresima tumeombwa kuandika machache juu ya Amosi sura ya 7, pale nabii alipomwona Bwana amesimama karibu na ukuta, na mkononi mwake timazi. Vijana wa darasa la Kipaimara wametuuliza timazi ni kitu gani. Swali lao ni zuri, kwa maana siku hizi mafundi wengi hutegemea pimamaji, na timazi imelala chini ya mfuko pamoja na misumari iliyopinda. Basi tuanze na timazi yenyewe. Tulifundisha kazi za mikono katika chuo cha ualimu miaka mingi, na tabia ya mwalimu haiishi kwa kustaafu.

Timazi ni uzi na kitu kizito, basi. Kunja karatasi ngumu kama afanyavyo muuza karanga, uijaze saruji na mchanga laini uliochanganywa na maji kidogo, kisha uchomeke katikati waya uliopindwa kitanzi. Iache kivulini siku 3, ukiinyunyizia maji. Ubandue karatasi, ufunge uzi imara wa kuvulia samaki. Waya na ukae katikati kabisa. Ukikaa kando, uzi wenyewe utanyooka vilevile, ila ncha ya chini itakupotosha.

Kuitumia kwataka subira kuliko akili. Pigilia msumari juu ya ukuta, uzi uning'inie sentimita 10 mbele yake, na uzito ukaribie kugusa sakafu. Kisha ngoja. Hapa ndipo wanafunzi wetu waliposhindwa, maana walipima uzi ukingali unapembea. Kama kuna upepo, uzamishe ule uzito katika ndoo ya maji. Utatulia upesi, wala uzi hautapotoka. Ukisha kutulia, pima nafasi iliyo kati ya uzi na ukuta, juu, katikati na chini. Ikiwa ni 10 mahali pote, mshukuru Mungu. Ikiwa chini ni 13, ukuta umeinama kukuelekea wewe. Uzi hauwezi kubembelezwa. Unavutwa na dunia yenyewe, wala haujui nani alijenga, wala alilipwa kiasi gani.

Sasa turudi kwa Amosi. Wataalamu wa Kiebrania hawaafikiani juu ya neno lililotumika pale, kwa kuwa halipatikani mahali pengine katika Biblia. Lakini Biblia yetu imeandika timazi, nasi twaifuata. Angalieni kwamba ukuta ule ulikuwa umejengwa kwa timazi. Haukuwa kibanda cha mtu asiyejua kazi. Ulianza wima. Israeli walipewa Torati, walipewa manabii, na katika siku za mfalme Yeroboamu wa pili walikuwa na mali na sadaka nyingi, huku maskini akiuzwa kwa bei ya viatu. Tena msiishie aya ya 9. Someni mbele kidogo, mtamkuta Amazia, kuhani wa Betheli, akimshitaki Amosi kwa mfalme, kisha akimwambia aende zake Yuda akale mkate wake huko. Ukuta umetiwa timazi, na kuhani anafukuza timazi! Mwaka 722 kabla ya Kristo Samaria ilikwisha kuanguka mikononi mwa Waashuru.

Kwa miaka mingi tulimhubiri Amazia kama mtu mbaya wa zamani. Hatuwezi tena, na sababu ni hii. Pale chuoni tulijenga darasa kwa nguvu zetu wenyewe, walimu na wanachuo. Mgeni wa heshima alikuwa amekwisha kualikwa. Mwanachuo mmoja, kijana mkimya, akatundika timazi aliyoifanya katika somo letu, akaja kutuambia, "Mwalimu, chini pamezidi." Tukamjibu, "Uzi wako mbovu." Akaenda akafanya nyingine. Siku ile kulikuwa na upepo, akaleta na ndoo, kama tulivyomfundisha. Juu sentimita 10, chini 14. Nasi, mbele ya wenzake, tukamwambia kwamba amekuja kujifunza ualimu, hakuja kukagua kuta.

Ukuta ukapigwa lipu, nene chini, nyembamba juu, ukapendeza sana. Mgeni akausifu. Masika ya pili ulipasuka pembeni mwa dirisha, wanachuo wakahamia chini ya mwembe, na ukuta ukabomolewa na mikono ileile iliyoujenga. Kwa rehema za Mungu hakuumia mtu.

Kuinama kwa ukuta hakukuwa dhambi. Tulikuwa tumechoka, tena wengi wetu si mafundi. Dhambi ilikuwa lile neno "uzi wako mbovu", kwa maana tulilisema tukiwa tumekwisha kuutazama uzi, nao ulikuwa umetulia.

Neno hilo tumelisikia tena na tena tangu hapo, hata katika vikao vyetu vya kanisa. Mjane auliza juu ya shamba la marehemu mumewe, na wazee wa ukoo, ambao baadhi yao ni wazee wa kanisa, wamwambia hajui mila. Kijana auliza hesabu za mchango wa bati, aambiwa hana adabu. Pengine kweli hana adabu. Lakini bati ziko wapi?

Tena yatupasa tuwe na hadhari, sisi tunaopenda kuwatia wengine timazi. Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1873, palipokuwa soko la watumwa. Husimuliwa kwamba Askofu Steere alisafiri, na aliporudi akakuta mafundi wamesimamisha nguzo kadhaa juu chini. Ziko hivyo hata leo. Nguzo ya namna hiyo ukiitia timazi, uzi hautaona kosa lolote, kwa kuwa imesimama wima, ila kichwa chake kiko chini. Sisi nasi tulikuwa walimu wanyofu sana, wa kufika kazini mapema na kutokula hata senti ya chuo.

Yule kijana sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, na anwani yake tunayo tangu miaka mingi. Jumatano ya Majivu tulianza kumwandikia barua. Tumefika pale penye ndoo.