Kura Ilipomwangukia Mwingine

Somo: Matendo ya Mitume 1:15–26

Katika somo hili yumo mtu ambaye hatumhubiri. Nafasi ya Yuda ilikuwa wazi, wakasimamishwa wawili, Mathiya na Yusufu aitwaye Barsaba. Wote walikuwa wamefuatana na Bwana tangu ubatizo wa Yohana. Kura ikamwangukia Mathiya, na Luka hamtaji tena Yusufu huyo.

Nilimkumbuka kiangazi hiki nikiwa Portland, jimbo la Maine, kwenye jukwaa la uwanja wa besiboli. Tulikuwa safarini kwenda kuwatembelea ndugu zetu Wakongo wa mji huo. Tukafika mapema, na vijana wakaomba tukaione timu ya huko, Sea Dogs. Nilikubali upesi, maana tiketi za ligi ndogo si ghali.

Mchezo wenyewe unataka subira. Mrushaji anatazama, mpigaji anajiweka sawa, mrushaji anatazama tena. Mama mmoja wa Bukavu aliniinamia akauliza, "Mchungaji, wameshaanza?" Tulikuwa raundi ya tatu.

Kwa sisi tuliokulia kwenye soka, ligi hii inachanganya. Sea Dogs wako chini ya Boston Red Sox, ngazi mbili kabla ya kufika ligi kuu. Lakini hata wakishinda michezo yote, timu haipandi daraja. Anayepanda ni mchezaji. Akiitwa leo, anafunga mizigo, na kesho nafasi yake ina mtu mwingine. Kocha analipwa kuwaandaa vijana ambao, kazi ikienda vizuri, atawapoteza. (Wachungaji wa ughaibuni tunaijua kazi hiyo.) Na wengi wao hawaitwi kamwe, ingawa ni hodari kuliko karibu kila mtu aliyewahi kushika gongo.

Mwaka 1981, huko Pawtucket, Rhode Island, timu ya mji huo, nayo ya ligi ndogo, ilikutana na Rochester Red Wings. Ilikuwa Jumamosi jioni, mkesha wa Pasaka. Mchezo wa kawaida ni raundi 9. Usiku ule zilifika 32 bila mshindi, na baridi ilikuwa kali hata wachezaji wakachoma magongo yaliyovunjika ili wapate joto. Mchezo uliposimamishwa, saa kumi na dakika saba alfajiri ya Pasaka, watazamaji waliobaki walikuwa 19. Uliendelezwa tarehe 23 Juni ukaisha kwa dakika 18 tu, katika raundi ya 33, Pawtucket wakishinda 3-2. Ndio mchezo mrefu kuliko yote katika historia ya besiboli ya kulipwa.

Uwanjani walikuwapo Wade Boggs na Cal Ripken Jr., ambao baadaye walikuwa nyota wakubwa wa ligi kuu. Lakini pigo la ushindi lilikuwa la Dave Koza, na Koza hakuwahi kucheza ligi kuu hata mara moja.

Tunao akina Barsaba kwetu. Yupo mwalimu wa Lubumbashi ambaye huku anapanga maboksi ghalani usiku kucha, na yupo mwinjilisti ambaye kila mwaka jina lake linapelekwa kwa ajili ya chuo cha theolojia na kila mwaka linarudi. Mazoea yetu ni kuwaambia kwamba zamu yao inakuja. Mimi nimeanza kuyaogopa maneno hayo. Barsaba hakuahidiwa zamu. Petro hakumwekea mkono begani akamwambia asubiri nafasi nyingine ya utume.

Alichokuwa nacho, kura haikukigusa. Ile miaka ya kutembea na Yesu ilibaki yake. Alimwona Bwana mfufuka, na hilo halikufutwa kwa sababu kiti cha kumi na mbili kilipata mtu mwingine. Wala Luka hasemi kwamba Mungu alimwona hafai. Waliomba, wakapiga kura, mmoja akahesabiwa pamoja na wale kumi na mmoja. Zaidi ya hapo tunaongeza sisi, na kwa kawaida tunachoongeza ni aibu.

Jumapili hii tunachagua wazee wapya wa kanisa. Wamependekezwa watano, nafasi ni mbili. Nimekubaliana na baraza kwamba wakati wa kuwaweka wakfu hao wawili, wale watatu nao waitwe mbele kwa majina yao, na kusanyiko liwawekee mikono.