Jumatano: Kabla ya Wakati wa Baridi

Soma Mwanzo 8:22. 1 Wafalme 19:3–9. 2 Timotheo 4:6–13, 21. Mafungu haya yanatufundisha nini kuhusu jinsi Mungu anavyoutazama udhaifu wa miili yetu?

Baada ya gharika Mungu aliahidi kwamba majira hayatakoma. Biblia yetu ya Kiswahili inataja hapo kaskazi na kusi, pepo tunazozijua. Lakini kwa ndugu wanaoishi mbali upande wa kaskazini wa dunia, majira hubadilisha hata urefu wa mchana. Katika mji wa Tromsø, Norwei, jua halichomozi kabisa tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari.

Mwili nao huitikia. Giza linapoingia, tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo hutoa melatonini, homoni inayoujulisha mwili kwamba ni usiku. Mwanga wa asubuhi huizuia. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa msaada wa jua, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba huko Boston, Marekani, jua la Novemba hadi Februari halina nguvu ya kutosha kwa kazi hiyo. Mwaka 1984, daktari Norman Rosenthal na wenzake walieleza ugonjwa wa huzuni unaorudi kila majira ya baridi: mtu hulala mno, hutamani vyakula vya wanga, hukosa nguvu na furaha. Wagonjwa wengi hupata nafuu wanapokaa asubuhi mbele ya taa yenye mwanga mkali.

Muumini aliyepatwa na hali hiyo aweza kudhani kwamba Mungu amemwacha. Maombi humwia mazito, naye huacha kuja ibadani. Tukimwambia kwamba imani yake imepoa, tunamtwika mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Eliya hakuwa na ugonjwa wa majira. Alikuwa amechoka na kuogopa, hata akaomba afe. Lakini angalia utaratibu wa Mungu. Chini ya mretemu alimpa usingizi, mkate na maji, kisha usingizi na chakula tena. Swali la kuuchunguza moyo wake lilikuja baadaye, kule Horebu. Paulo naye, akiwa kifungoni na mwenye hakika ya taji yake, aliomba aletewe joho, akamsihi Timotheo afike kabla ya wakati wa baridi. Tumaini lake halikumwondolea haja ya vazi zito na ya rafiki.

Mwaka 1905 Ellen G. White aliutaja mwanga wa jua miongoni mwa tiba za asili, pamoja na hewa safi, pumziko, mazoezi na kumtumaini Mungu. Basi kutoka nje mchana, kulala kwa wakati na kumwona daktari huzuni inapozidi si upungufu wa imani. Ni kuutunza mwili ulio hekalu la Roho Mtakatifu. Hisia zetu hubadilika pamoja na majira. Yeye aliyeyaweka majira habadiliki.

Katika darasa lenu, ni nani ambaye hajaonekana kwa Sabato kadhaa? Mtampelekea nini kwanza: swali, au mkate na maji?