Barabara na Haki

Hapa Kenya gari hushika mkono wa kushoto, na Tanzania na Uganda ni vivyo hivyo. Lakini avukaye mpaka wa Moyale kuingia Habashi hana budi ahamie kulia. Na avukaye daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera, kutoka Tanzania kuingia Rwanda, naye hali yake ni hiyo. Jambo lililo wajibu ng'ambo hii ya mto, ng'ambo ya pili ni kosa, tena kosa la kuweza kuua.

Hapa ndipo baadhi ya watu wanapoteleza. Husema: "Basi haki nayo ni kama barabara, kila nchi ina yake." Kwa maneno hayo hutaka rushwa isilaumiwe palipozoewa rushwa, wala dhulma isikatazwe palipozoewa dhulma. Na tuyapime maneno hayo.

Nchi ya Uswidi ilikuwa ikishika kushoto, na hali jirani zake Norway na Finland zikishika kulia, na magari mengi ya Waswidi wenyewe yalikuwa na usukani wa kushoto. Mwaka 1955 raia walipigishwa kura, na watu 83 hivi katika kila 100 wakakataa kubadilisha. Hata hivyo Bunge liliamua mwaka 1963, na tarehe 3 Septemba 1967, alfajiri saa kumi na moja, nchi nzima ikahamia kulia. Kinyume chake, Samoa ilitoka kulia ikahamia kushoto mwaka 2009, ili watu wapate magari ya bei nafuu kutoka Australia na New Zealand. Hakuna aliyedhulumiwa kwa kubadilishwa upande wenyewe.

Lakini tazama, ewe msomaji, lile ambalo halikubadilika kabla ya alfajiri ile wala baada yake: kwamba si halali kumgonga mwenzio. Upande wa barabara ni chombo tu. Kuhifadhi roho ya mtu ndiyo haki yenyewe, na hiyo haina mpaka. Vile vile, hakuna nchi ambayo aliyeibiwa huwa hakuibiwa kwa kuwa wizi umezoewa.

Wala asiseme mtu: "Maadamu ni mapatano tu, mimi si lazima niyafuate." Yule ajaye mbele yako kwenye kona ameweka roho yake juu ya ahadi yako. Kushoto kwa asili yake si kitu. Kwa ahadi ni amana.

Basi mizani ni hii. Ukikuta dasturi yoyote katika mji, uliza: Lau sote tungeibadilisha kwa pamoja asubuhi moja, je, yuko ambaye angedhulumiwa? Na tukiiacha ilivyo, je, yuko anayedhulumiwa? Ikiwa jibu la yote mawili ni hapana, kama vile namna ya kuketi harusini au chakula cha kumpa mgeni, basi hiyo ni dasturi ya barabara: ifuatwe maadamu yafaa, na ibadilishwe kwa mashauri, bila ya kugombana wala kutukanana. Ama karamu za matanga zinazokula mali ya mayatima, hizo si dasturi za barabara, kwa kuwa yuko anayedhulumiwa, hata wakiwa wote wameridhika isipokuwa yeye.

Na mambo haya mawili hayaachwi kwa njia moja. Mswidi ambaye angehamia kulia peke yake siku moja kabla ya wenziwe, hangekuwa mtengenezaji, angekuwa muuaji. Katika mambo ya mapatano, hikima ni kungojeana. Lakini dhulma haingojei nchi nzima ikubaliane, wala haingojei kura. Huiacha mtu peke yake, leo, ingawa wote wangali wanaishika.