Kapu la Mboga na Haki ya Siku ya Kwanza

Katika darsa yetu ya usiku wa Jumatano ndugu mmoja alileta swali ambalo kwanza lilituchekesha, kisha likatunyamazisha. Aliuliza: "Mtu akinunua mboga kwa mali yake ya halali, kisha zikamwozea jikoni mwake, je, ana makosa?"

Twaeleza kisa chake kwa idhini yake. Nyumba yake, kama nyumba kadhaa tuzijuazo hapa Mombasa, imepatana na mkulima wa upande wa Kwale amletee kapu moja kila Jumamosi asubuhi. Mnunuzi hachagui, huletewa kilichokomaa shambani wiki ile. Siku hizi za joto la kaskazi kapu huja na mabamia, mabiringani, matango, nyanya, mafungu ya mchicha na majani ya kunde, na pengine boga zima juu yake. Jumamosi nyumba yote hufurahi. Jumatatu mchicha umelegea. Jumatano mabamia yameanza kuwa meusi. Ijumaa ile, kwa kuwa kapu jipya lilikuwa laja kesho yake, mkewe alikusanya yaliyosalia akayatia mfukoni, akampa mama anayewafulia nguo. Yule mama alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Jioni ndugu yetu alipotoka kwenda kuswali Magharibi aliuona mfuko ule ule umewekwa kando ya pipa la taka mwisho wa mtaa.

"Hapo nilijua," alisema, "kwamba sikutoa sadaka. Nilimpa mama wa watu kazi ya kwenda kunitupia taka zangu."

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba wanafunzi wa elimu wana mambo makubwa zaidi ya mabamia. Sisi hatuoni hivyo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Kenya, lilitoa ripoti mwaka 2024 ikieleza kwamba katika mwaka 2022 chakula kilichotupwa duniani kilifika tani bilioni 1.05, na kwamba katika kila tani 10 kiasi cha tani 6 zilitoka majumbani. Si masokoni wala mahotelini, bali katika majiko kama yetu, majiko ya watu wanaotia Bismillahi kabla ya kula.

Mapatano haya ya kapu si uzushi wa mji wetu. Wajapani waliyajua katika miaka ya 1970 wakayaita teikei, na Marekani yalianza mwaka 1986 katika mashamba mawili, moja la Massachusetts na jingine la New Hampshire. Kule mnunuzi hulipia fungu lake kabla ya mavuno, akashirikiana na mkulima katika bahati yake: mvua ikiwa mbaya kapu huwa jepesi, msimu ukiwa mwema kapu hufurika. Kulipa kabla ya mazao kuna mlango wake katika fiqhi, kwani Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla, akawaamrisha kipimo kijulikane, na uzani ujulikane, na muda ujulikane. Mlango huo hatuufungui leo, maana ndugu yetu hulipa kapu likisha kufika. Tunalotaka kulichukua kutoka huko ni moja tu, nalo ni kwamba kapu la namna hii hupimwa kwa ukarimu wa ardhi, si kwa idadi ya matumbo yaliyomo nyumbani. Aliyelikubali amelikubali pamoja na wingi wake. Hawezi Ijumaa kumlaumu mkulima kwamba ameleta mengi.

Sasa turudi katika swali. Katika Sura Al-An'am, aya ya 141, Mwenyezi Mungu anataja mabustani na mitende na mimea yenye ladha mbalimbali, kisha anaamrisha mambo matatu mahali pamoja: tule matunda yake, tutoe haki yake siku ya kuvunwa kwake, na tusifanye israfu. Aghalabu tunaposoma aya hii twaikimbilia zaka. Na katika zaka wanazuoni wamehitilafiana. Imamu Abu Hanifa alisema kila kinachotolewa na ardhi kina zaka, mboga nazo zimo: sehemu moja katika kumi kwa kilichonyeshewa na mvua, na moja katika ishirini kwa kilichonyweshwa kwa taabu, nao wanafunzi wake wawili, Abu Yusuf na Muhammad, hawakukubaliana naye katika mboga. Madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani, haioni zaka illa katika tende na zabibu, na katika chakula kinachotegemewa na kuwekeka, mfano wa mahindi, mtama na mpunga.

Basi mtu wa madhehebu yetu aweza kusema: "Mchicha wangu hauna zaka." Kweli, hauna. Walakini na atazame kwa nini hauna. Kuwekeka ni katika sharti, na mchicha hauwekeki. Kitu kisichowekeka hakingojei mwenyewe akinai. Ama huliwa kingali kizima, ama hutolewa kingali kizima, na hakina njia ya tatu illa kuharibika. Sheria imemwachia mwenye mboga uhuru ambao haikumwachia mwenye ghala la mahindi, naye akaugeuza uhuru huo kuwa ruhusa ya kusahau. Kisha likaja friji likatudanganya kwamba kila kitu chawekeka. Twatia ndani, twafunga mlango, na moyo unatulia kana kwamba tumekula.

Twaona kwamba jibu la swali la ndugu yetu limo katika neno "siku". Haki ilitajwa na siku yake, nayo ni siku ya mavuno, wakati mali ni mbichi na mkono bado unaipenda. Kwake yeye siku hiyo ni Jumamosi, kapu linapotua barazani. Alichokitoa Ijumaa hakukitoa kwa kuwa jirani anakihitaji, alikitoa kwa kuwa yeye hakihitaji tena, na baina ya mambo hayo mawili pana masafa marefu. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kukusudia kibaya ili tukitoe, hali sisi wenyewe tusingelikipokea illa kwa kufumba macho. Yule mama mfuaji alifumba macho mpaka mwisho wa mtaa. Adabu yake ilikuwa kubwa kuliko sadaka ile.

Katika darsa walitokea wenye hoja. Mmoja alisema kwamba mboga ikioza huwa mbolea, hivyo haikupotea. Twamjibu kwamba maganda na mizizi ndiyo haki ya udongo, na mwenye kuyarudisha udongoni amefanya vyema. Ama bamia zima aliloliinamia mkulima kulipanda, kulipalilia na kulichuma halikuletwa mjini liwe mbolea. Tena mboga zetu hazirudi shambani. Huenda jaa la Mwakirunge pamoja na mifuko na chupa, zikaoza zimefukiwa bila hewa na kutoa gesi yenye kuzidisha joto la dunia.

Hoja ya mwingine ilikuwa nzito zaidi, na hatukuimaliza usiku ule. Alisema: "Nikimpelekea jirani mchicha, atadhani namwona fukara." Hili ni la kweli katika miji yetu. Mwezi wa Ramadhani sahani hupita baina ya milango bila mtu kuuliza, lakini ukisha mwezi milango hufungwa, na sahani ya Shawwal huonekana kama tusi. Mtume (S.A.W.) alimwambia Abu Dharr apikapo mchuzi azidishe maji na awakumbuke jirani zake, na hakusema awakumbuke mafukara wao. Aliwakataza pia wanawake kudharau kitu cha kupeana majirani, hata kikiwa ukwato wa kondoo. Walakini twakiri kwamba sahani ina uzito wake: kwa desturi yetu hairudi tupu, na jirani asiye na kitu aweza kuiona kama deni. Mama zetu walilijua hili. Sahani ilirudi na ndimu mbili au chumvi kidogo, na ikahesabiwa imejaa. Ni sisi tuliopandisha bei.

Hapa twataka kusema na wanaume, kwani wao ndio wanaoagiza kapu na ndio wanaozungumza israfu barazani. Kapu la Jumamosi ni saa mbili za kazi. Mchicha wachambuliwa jani jani, kunde zachambuliwa, boga lamenywa, nazi yakunwa. Mume aliyeagiza kilo za mboga bila kumshauri mkewe, kisha akasikitikia mabamia meusi, na ajiulize ni nani hasa aliyefuja. Ndugu yetu alipoulizwa kama aliwahi kuchambua mchicha alitazama chini, na wengi wetu tukatazama chini pamoja naye.

Na iko elimu ndogo ya jikoni ambayo haidharauliwi. Majani huliwa kwanza, Jumamosi na Jumapili, mchicha kwa tui na kunde baada yake. Yakizidi, majani ya kunde huchemshwa na kuanikwa juani, yakakaa miezi. Mabamia, mabiringani, matango na nyanya ni mazao ya joto, baridi kali ya friji huyadhuru. Hukaa vyema mahali penye kivuli na upepo, na yapikwe kabla ya katikati ya wiki. Mabamia nayo hukatwakatwa na kuanikwa. Boga zima lisilo na jeraha hungoja majuma mengi bila kulalamika, hivyo mwenye kulipika Jumapili akauacha mchicha ufe amekosea hesabu. Haya bibi zetu waliyafanya bila kuyaita jina.

Ama ndugu yetu, amebadili mapatano. Kapu sasa halivuki kizingiti likiwa zima. Hufunguliwa barazani likagawanywa mafungu matatu, moja la nyumba yake, moja la jirani wa mkono wa kulia, na moja la yule mama mfuaji, naye huitwa achague kabla ya wote. Jumamosi ya kwanza alichagua mabamia yote mabichi, yale madogo mororo. Twaambiwa mke wa ndugu yetu alikunja uso kidogo, kisha akatabasamu. Ndugu yetu akatuletea swali jipya: "Na uso ule uliokunjwa, hukumu yake ni ipi?" Darsa ikacheka, na kabla hajajibiwa wakati wa Isha ukaingia.